Kitabu cha Bruda na Karanga za Igawa

Sikuwa mjinga. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila nikisimulia jambo hili watu hucheka, nami sipendi kuchekwa. Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa misheni Mbeya, na misheni yetu ilikuwa na ndege moja ndogo ya viti viwili, mabawa ya kitambaa, inayolala kwenye banda la mabati pembeni ya uwanja. Kazi yangu ilikuwa makaratasi. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, mimi pia ndiye niliyeiosha, niliyechuja petroli, na niliyemshikia Bruda spana.

Bruda alikuwa Mzungu wa misheni, seremala, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyejifunza kurusha ndege ukubwani. Mwalimu wake alimfundisha mwaka mzima, akamtilia saini saa zake zote, kisha akapanda meli akarudi kwao Ulaya. Kilichobaki ni mtihani wa leseni. Mkaguzi alikuja huku kwetu mara moja kwa mwaka, na mwaka ule angekaa Iringa siku nne tu. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha andika barua: Bruda asipopata leseni safari hii, ndege iuzwe.

Aliniambia hayo tukimwaga oili ya injini.

"Karani," akasema, "ndege ikiuzwa, wagonjwa wa bonde la Usangu watakaa masika yote wakingoja barabara ikauke. Na mimi nitarudi kuchonga mabenchi."

Nikainamisha kichwa nikaendelea kushika debe.

Wiki mbili tuliishi bandani. Tuliziba mchaniko kwenye bawa la kushoto kwa kitambaa na dawa ya kukaza, dawa inayonuka mpaka kichwa kinauma. Tulipaka grisi kila palipostahili grisi. Asubuhi ukungu ukiwa bado umekalia mlima Loleza nilikuwa tayari nasugua ndege kwa sabuni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ndipo Bruda akanikabidhi makaratasi yote, akaniambia niyaweke tayari kwa mtihani.

Cheti cha ndege kilikuwa sawa. Kitabu cha injini sawa, cheti cha daktari sawa. Lakini kile kitabu cha saa zake za kuruka, loo, kilikuwa aibu. Alama za vidole vya oili, doa la chai, tope, mistari iliyokatwa na kuandikwa juu yake. Saini za mwalimu zimekwenda upande, nyingine kwa wino, nyingine kwa penseli. Kurasa za mwisho zilikuwa zimetoka kwenye uzi. Nikajiuliza, kitabu kama hiki utampelekea mkaguzi wa serikali?

Mimi nimesomeshwa na mapadri. Shuleni kwetu ukileta kazi yenye doa, doa moja fimbo moja, kisha unaandika upya. Ile ya kwanza inatupwa na hakuna anayeiulizia tena. Ndivyo nilivyolelewa: kazi yenyewe ni ile nakala safi. Tulikuwa na kitabu kingine kitupu cha aina ile ile. Nikakaa siku tatu, nibu mpya, wino mweusi, nikanakili kila mstari. Na saini za mwalimu nikazinakili moja moja, pamoja na ule mkia wake wa mwisho. Sikuona ubaya wowote. Saini ilikuwa pale, nami niliiweka pale pale. Sikumwambia Bruda; nilitaka akione mbele ya mkaguzi, afurahi.

Sheria haikumruhusu kubeba mtu, kwa hiyo aliruka peke yake kwenda Iringa, mimi nikapanda lori na sanduku la makaratasi. Igawa lori likasimama. Mama mmoja muuza karanga alikuwa anawamiminia watu viganjani kwa kuwa karatasi zimemwishia. Nikamhurumia. Kile kitabu kichafu kilikuwa ndani ya koti langu, sina kazi nacho tena, nikampa. Akachomoa ukurasa mmoja uliokuwa umelegea, akausokota, akanijazia karanga za shukrani. Nilizitafuna njiani, tamu kweli, na zilipoisha nikautupa ukurasa nje ya lori.

Asubuhi iliyofuata, uwanjani Iringa, mkaguzi alitukuta tumesimama kando ya ndege. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, wa sauti ya chini. Akaizunguka ndege, akapitisha kidole kwenye kile kiraka cha bawa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba makaratasi. Akafungua kitabu nami nikangoja kusifiwa. Ndiyo, kusifiwa. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Saini hizi kaziandika nani?"

"Mimi, bwana," nikajibu, kifua mbele.

Bruda akanigeukia. Sitausahau uso ule. Mkaguzi akasema taratibu kwamba mbele ya sheria jambo hilo ni kughushi, na kwamba angeweza kumwita polisi sasa hivi. Akauliza kitabu cha kwanza kiko wapi.

"Nimempa mama wa karanga, Igawa."

Bruda akaketi juu ya debe la petroli. Nilidhani atanirukia. Badala yake akamwambia mkaguzi, "Kosa ni langu. Nilimwambia ayaweke tayari, sikumwambia namna." Mkaguzi akasema yeye anaondoka kesho kutwa saa sita mchana. Kitabu kikifika kabla ya hapo, atafanya mtihani.

Nikakimbilia mtaa wa Mlandege kwenye malori. Nilipita karibu na njia ya kwetu Kihesa, pale pale Iringa, wala sikugeuka kumwamkia mama yangu. Dereva niliyempata alikuwa mtu wa kusimama kila mahali: hapa kuna shemeji yake, pale kuna kuku wa kununua. Nilimtukana mpaka akatishia kunishusha, nikamwomba radhi kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, maana ningeshushwa ningefanya nini? Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilimlisha Bruda wa watu, ambaye hakuchuma chochote.

Jioni mama wa karanga nilimkuta anafunga biashara.

"Kamwene," nikamsalimu, pumzi juu.

"Kamwene, baba. Umerudia karanga?"

Nilipomwambia ninachotaka alicheka. "Mwanamume mzima unalilia karatasi ya karanga." Kisha akaona kwamba nalia kweli. Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kitabu kimefungwa kwenye kanga.

"Ulipoondoka nikaona muhuri wa msalaba kwenye jalada," akasema. "Nikaogopa. Kitabu cha kanisa hakifungiwi karanga, baba. Nikakiweka pamoja na Biblia yangu. Nimechana ule wako tu."

Nikapiga magoti pale vumbini nikakifungua. Kila ukurasa ulikuwepo na doa lake, isipokuwa mmoja, wa mwisho ulioandikwa. Huo ndio uliokuwa na safari yake ndefu ya peke yake, na neno la mwalimu kwamba mwanafunzi huyu yuko tayari kwa mtihani. Niliujua kwa moyo, nimeunakili mwenyewe. Na nimekula karanga ndani yake.

Kesho yake, kabla ya Makambako, mahali nilipokumbuka kuutupa, nilimwomba dereva wa lori la kurudi asimame. Nilitembea kando ya barabara nikipekua majani mpaka abiria wakaanza kunizomea. Niliokota kipande kimoja cha karatasi kilichosokotwa, moyo ukaruka. Kilikuwa gazeti.

Nilifika uwanjani siku ile ya mwisho kabla ya saa sita. Mkaguzi akaweka vitabu viwili juu ya bawa, akalinganisha mstari kwa mstari, hana haraka, saa yake ya mkononi inakwenda. Alipomaliza akaniambia, "Hujakosea hata herufi moja." Kisha akamgeukia Bruda. "Ukurasa ule naamini ulikuwepo. Lakini siwezi kutia saini kwa sababu naamini." Akampa mkono, akaondoka.

Bruda hakunikaripia. Afadhali angenitukana, afadhali angenipiga. Alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye injini, nami nikasimama nikimtazama kama mwizi. Baada ya mwezi akaja rubani mwingine akaichukua ndege, ikaenda kuuzwa. Bruda akarudi kwenye mabenchi. Masika yale barabara ilikatika, na wagonjwa wa Usangu wakaletwa kwa machela mabegani mwa watu. Wengine hawakufika. Hilo silisimulii watu wanapocheka.

Mwaka uliofuata nilitaka kwenda kujifunza ufundi wa ndege, na ilihitajika barua ya mtu anayenijua. Sikuthubutu kumwomba Bruda. Alisikia kwa wengine, akaniandikia mwenyewe, akanikuta ofisini akaniwekea mezani. Aliandika kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Karatasi ilikuwa na tone la wino katikati, na kidole gumba chake kimeacha alama ya gundi ya mbao pembeni.

Niliipeleka chuoni. Karani wa kule aliishika kwa ncha za vidole, akanitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, barua hii imechafuka. Niachie, nitakuandikia nyingine safi, wakubwa waione vizuri."

Niliinyakua mkononi mwake kwa nguvu hata akashtuka. Nikaiweka mezani tena, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili, nikamwambia naomba wakubwa waione hivyo hivyo.