Zawadi Aliposema Yuko Njiani

Hiki ninachokusimulia kilinitokea mimi mwenyewe, na akili zangu zote zikiwa kichwani. Hapa Norsborg, pembeni mwa Stockholm, wanaonijua huniuliza, "Wewe dada, unapata wapi moyo wa kukimbia nje Januari, barafu kila mahali, watu wamejifungia ndani na mishumaa yao?" Huwa nacheka, najibu kwamba ni soksi nzuri za sufu. Uongo mtupu. Soksi hazimtoi mtu kitandani. Leo nasema ukweli, na ukitaka usiamini, ila nisikilize mpaka mwisho.

Msimu ule wa baridi nilikuwa na ndoto moja tu: kukimbia zile mbio za mjini za majira ya kuchipua, na kumaliza. Mimi sikusoma sana. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kuwavisha, kuwapashia chakula, na mikono ikiwa kazini kichwa kinaota. Nilishachagua hata mtindo wa kusuka kwa ajili ya picha ya medali! Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Zawadi, Mkongomani wa Bukavu, anayekaa jengo linalotazamana na msitu. Kila mtu alituambia kwamba dawa ya uvivu wa msimu wa giza ni kuwa wawili. Ukijua mwenzako anakusubiri nje, utaona haya, utatoka.

Mimi niliona haya. Zawadi je?

Zawadi alikuwa na ugonjwa wetu ule, unaujua, hata Stockholm haujatutoka. Unampigia, "Uko wapi?" Anajibu, "Niko njiani, chérie!" yaani mpenzi kwa Kifaransa chao, na nyuma yake unasikia maji yanamwagika bafuni. Hana nia mbaya. Kwetu ni namna ya kumtuliza mtu. Ila jaribu wewe kutulizwa hivyo ukiwa umesimama kwenye theluji.

Siku ninayoisimulia, ilikuwa alasiri tu. Usinicheke nikisema kulikuwa na giza; huku mwezi wa Desemba saa tisa jua limeshaaga. Nilisimama mahali petu pa kukutania, chini ya nguzo ya taa, pale njia ya wakimbiaji inapoingia msituni kuelekea ziwani. Ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu: "Niko njiani, chérie, nafika sasa hivi, vraiment, kweli kabisa!" Nikasubiri. Nikarukaruka. Kope zikaanza kugandana. Nikageuka kutazama dirisha lake, maana pale nguzoni linaonekana, nikaona mwanga wa buluu wa televisheni unachezacheza ukutani.

Ndugu yangu, nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Mimi ambaye huwalilia hata wazee wasio ndugu zangu!

Ndipo nikamwona mwanamke amesimama upande wa pili wa nguzo. Suti ya mazoezi ya kizamani, kofia ya sufu. Watu wa huku hawasalimii mtu wasiyemjua, wanapishana kama vivuli. Lakini mimi nimelelewa. Nimwone mtu peke yake gizani, nimpite bila kumkaribisha? Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, "Karibu, twende wote." Wewe unaijua karibu ya namna hiyo. Mtu hujibu asante, akaenda zake.

Yeye akasema, "Sawa." Akaanza kukimbia kando yangu.

Mwanzoni nilifurahi. Sijawahi kukimbia vizuri vile, pumzi imetulia, viatu vinashika barafu. Halafu tulipopita chini ya taa nikaona mdomo wangu unatoa mvuke kama sufuria ya maharage. Wake hautoi kitu. Na theluji iliyomwangukia usoni ilikuwa haiyeyuki. Utauliza kwa nini sikusimama. Niamini, miguu iliogopa kusimama kuliko kukimbia.

"Ulikuwa unamsubiri nani?" akaniuliza.

"Rafiki yangu."

"Yeye alisema nini?"

Nikatoa simu, nikamsikilizisha ile sauti, sijui nilikuwa najitetea au namshtaki Zawadi. Hakuielewa lugha, nikamtafsiria: anasema yuko njiani.

Akasimama, nami nikasimama. "Wangu naye alisema hivyo," akasema. "Nilimsubiri pale pale kwenye nguzo. Sikutaka kurudi ndani, maana alisema anakuja. Mwisho nikaenda peke yangu, nimeganda, nikakatisha juu ya ziwa nifike nyumbani upesi." Akatazama upande wa ziwa. "Barafu ilikuwa bado changa, haikunibeba."

"Pole sana," nikasema, na nilimaanisha. Machozi yakanigandia mashavuni. "Na huyo rafiki yako?"

"Alikuja baadaye. Nilimfuata mwenyewe."

Alivyolitamka hilo! Polepole, kama mtu anayelamba asali kwenye kijiko. Kisha akanisogelea. "Wako hayuko njiani. Amelala kwenye kochi, anakula. Nimtie njiani?"

Hapo wewe ungejibu nini? Mimi nilikuwa na baridi mpaka kwenye fizi. Nikaukumbuka ule mwanga wa buluu.

"Mtie," nikasema. "Mtie aone!"

Na nikasikia joto, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hatukukaa sana. Kati ya taa na taa akatokea Zawadi. Peku. Gauni la kulalia, kitenge kiunoni, bakuli la karanga mkononi. Anakimbia huku magoti yanapanda juu kama si yake, macho yako wazi na hayaoni. Akatupita, karanga zinamwagika nyuma yake, anaelekea ziwani.

"Zawadi! We Zawadi!"

Mdomo wake ukajibu kwa sauti ile ile ya kwenye simu, bila kupanda wala kushuka: "Niko njiani, chérie. Niko njiani, chérie."

Nilimfukuza. Nikamshika kiunoni ukingoni pa maji, naye ni mwembamba, lakini aliniburura kama mfuko wa taka. Mguu wake mmoja ukakanyaga barafu, nikaisikia inalia chini yetu. Furaha yote ikanitoka.

"Inatosha!" nikampigia kelele yule mwanamke. "Msamehe!"

"Aliyesubiri hasamehe," akasema. "Lazima mmoja aje."

"Basi nitakuja mimi! Kila siku ya baridi, giza likiingia, utanikuta kwenye nguzo."

"Wote mnasema hivyo."

"Mimi si wote. Nilikuwa nje nasubiri! Hukuniona?"

Akautazama mguu wa Zawadi kwenye barafu, kisha mimi. Theluji ilizidi kumjaa kwenye nyusi. "Kesho," akasema, akaondoka akikimbia juu ya ile barafu changa, nayo haikulia.

Zawadi akaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba, halafu akazinduka kwa mayowe. "Mama yangu, miguu! Nimefika namna gani huku? Weye, umeniloga?" Nikamvisha glavu zangu miguuni, nikambeba mgongoni mpaka kwao huku ananitukana kwa Kiswahili na Kifaransa.

Hospitali walisema alitembea usingizini. Vidole viwili vya mguu alivipoteza. Na mpaka leo, mdomo ukimteleza akasema yuko njiani, miguu yake inaondoka. Siku moja tulikuwa Skärholmen, kwenye foleni dukani, shangazi yake akapiga simu. "Niko njiani, shangazi," akasema, na hapo hapo akatoka mlangoni na kikapu chake, mlinzi anamkimbiza, yeye analia, "Nizuieni! Nizuieni!" mpaka stesheni. Nikuambie ukweli? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Inaonekana yule mwanamke aliniachia na asali yake kidogo.

Mimi nakimbia. Mbio za mjini nilimaliza, medali ninayo, nywele zilitoka vizuri kwenye picha. Majira ya joto yule mwanamke haji. Lakini giza la Oktoba likianza kunyemelea alasiri, yuko pale nguzoni. Mara moja nilikuwa na homa, nikasema leo hapana, nikalala. Nilizinduka nikiwa kwenye ngazi za jengo letu, peku, nashuka kuelekea nguzoni.

Kwa hiyo wewe uliyejifunika blanketi hapo Hallunda, au popote ulipo, na mwenzako yuko nje anakanyagakanyaga theluji: kama huendi, mwambie huendi. Atanuna, atakutukana, mtapatana. Usimwambie uko njiani. Hujui nani amesimama upande wa pili wa nguzo, anasikiliza pamoja naye. Na mwenzako akiulizwa kama utiwe njiani, usitegemee huruma yake. Mimi nina moyo laini, kila mtu anasema hivyo, na nilijibu ndiyo kabla hata sijafikiri.

Akiniuliza tena, sijui nitajibu nini.