Boksi Lenye Maharage Mawili

Jambo lote liliigharimu shule yetu shilingi laki tisa na elfu arobaini. Laki tisa ni kompyuta sita zilizotumika, kila moja laki na nusu. Elfu thelathini ni gari la kuzileta shuleni kwetu Mafiga. Elfu tano ni nauli yangu ya kwenda Dumila, maana kurudi nilikaa na mzigo, na elfu tano nyingine ni chai, chapati na nauli ya fundi aliyekuja kuziwasha. Nimehesabu mara mbili. Nilichosahau kukihesabu ni kile nilichokuja kukilipa mimi mwenyewe, na hakina risiti.

Kompyuta zilikuwa zinakwenda Bujumbura. Lori liliharibika Dumila likakaa wiki, mwenye mzigo akachoka kula hotelini, akazipanga kando ya barabara kati ya madebe ya nyanya na viroba vya vitunguu. Alianzia laki tatu kwa moja. Nikamwambia laki. Akaniuliza kama nimekuja kununua kompyuta au kikokotoo. Niliondoka mara mbili. Ya kwanza kwa maigizo, ya pili kweli kabisa, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi. Hapo akaniita dada, tukakutana kwenye laki na nusu. Kabla ya kutoa hela niliomba umeme kwa kinyozi wa jirani, nikawasha moja moja. Nikahesabu skrini, nikahesabu nyaya, nikahesabu vitufe vya kila kibodi. Vyote vilikuwepo.

Siku ya tatu, shuleni, ndipo nilipogundua kwamba kuwepo si kukaa mahali pake. A ilikuwa imekaa kwenye kiti cha Q. Z na W walikuwa wamebadilishana nyumba. M ilikuwa imehama kabisa, imejibanza pembeni ya L kama mtoto aliyefukuzwa kwenye mchezo. Ni mpangilio wa Wafaransa, na Bujumbura wangeupokea bila neno. Sisi siyo Bujumbura.

Nilinyamaza. Wazazi waliochangia walikuwa wameshapiga makofi kikaoni, na mkuu wa shule alikuwa ameshasema mbele yao kwamba huyu mwalimu akienda sokoni hata shetani anapunguza bei. Mtu akishasifiwa hivyo harudi kusema amenunua vitu vya kinyumenyume. Halafu mimi huandika kwa vidole viwili, natafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kwangu herufi ikikaa popote ni sawa, ilimradi nitaiona. Nikajiambia na watoto wataiona. Wahenga walishasema walilosema kuhusu rahisi, sina haja ya kulirudia.

Mwaka mzima nikafundisha hivyo, kila Jumanne baada ya vipindi. Watoto arobaini na saba: mashine tano zina wanane wanane, ya sita ina saba. Mstari wa mbele alikaa binti wa darasa la sita ambaye tangu yuko la nne alikuwa akiniambia kwamba akikua atakuwa mimi. Hakuwa anasema atakuwa mwalimu. Alikuwa anasema atakuwa wewe, Madamu. Nimesifiwa na watu wengi wenye shida ya mkopo, lakini hiyo sifa ilikuwa ya kwangu, haina riba.

Kisha akatokea yeye.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye semina ya walimu wa somo la kompyuta, hapa mjini. Kijana, anafundisha huko Mgeta juu, shule yenye taa moja ya sola ofisini na kompyuta sifuri. Anaongea Kiswahili cha milimani, mwisho wa sentensi anauvuta kama hataki kuuachia. Nilitangulia mimi, nikaonyesha picha za chumba changu chenye mashine sita. Walinipigia makofi ya adabu. Alipoitwa yeye, alichomoa kwenye begi ubavu wa boksi la biskuti. Watu wakacheka. Juu ya boksi alikuwa amechora kibodi nzima kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye F na kwenye J alikuwa amegandisha maharage, moja moja.

Akamwomba mwalimu mmoja mama mtu mzima, aliyebakiza miezi kustaafu, aje mbele. Akamfunga macho kwa mtandio wake mwenyewe yule mama. Akamwambia atafute maharage kwa vidole vya shahada, na vidole vingine vikae vinapoangukia, kisha akaanza kumtajia herufi. Haikupita robo saa yule mama anagonga jina la mjukuu wake juu ya boksi bila kuona, na ukumbi mzima umesimama. Wakati wa chai yeye alikuwa na foleni ya walimu wanaotaka kushika boksi. Mimi nilikuwa na chai.

Afisa elimu akaja na kikombe chake mpaka niliposimama. “Mwalimu,” akaniambia, “wewe una mashine, huyu ana watoto. Hebu wakutanisheni nazo.”

Mimi mwenye mashine. Yeye mwenye watoto. Nililala na maneno hayo siku kadhaa, nikayageuza huku na huku kama noti yenye mashaka.

Nauza mitumba Jumamosi tangu nikiwa chuo, kwa hiyo mtu simwangalii, namkagua. Yule kijana nilimkagua kama shati: kola, kwapa, vifungo. Nilitaka nikute ametoboka mahali. Nikauliza kwa watu kama ni mlevi, wakasema hanywi. Nikauliza kama anachelewa kazini. Wakasema anafika kabla ya kengele, na njia yake ni kupanda saa nzima kwa miguu. Kila nilipouliza nilirudishiwa sifa nyingine, mpaka nikaacha kuuliza kuepuka hasara.

Siku ya kukutana walishuka na lori la kabichi, watoto kumi na wanane, sare zina unyevu wa mvua ya milimani. Akanisalimia shikamoo. Nikaipokea kama mtu anayepokea chenji pungufu: tofauti yetu ni miaka tisa tu, lakini hapo mlangoni, mbele ya watoto wangu, nikawa bibi. Kwenye chumba changu viatu vinavuliwa. Watoto wangu huambiwa mara tatu. Wa kwake walivua, wakavipanga mstari mmoja ukutani, visigino sawasawa, na hakuna aliyewaambia kitu. Binti wangu wa mstari wa mbele alivitazama vile viatu, akamtazama yule mwalimu, na mimi nikamtazama yeye.

Yule kijana aliwakalisha wa kwake watatu kila mashine. Wa kwangu walisimama kuzunguka kuta, wamefunga mikono kama wenye nyumba. Akawaambia wa kwake wafumbe macho, watafute maharage. Niliona vidole vikipapasa, vikakuta vile vinundu vidogo vya plastiki kwenye F na J, na mtoto mmoja akatabasamu amefumba macho vilevile. Mwalimu wao akasoma sentensi taratibu: Baba analima karoti. Vitufe vikalia kama mahindi yanayopukuchuliwa. Vidole kumi kila mtoto. Nilihesabu.

Kwenye skrini zikatokea herufi “bqbq qnqli,q kqroti”.

Watoto wangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi, sina sababu ya kuficha hapa, furaha iliyonipata siipati hata mwisho wa mwezi. Ilidumu kama dakika moja.

Yule mwalimu aliinama kwenye skrini, akaitazama kibodi, akaenda mashine ya pili, ya tatu. Akanyanyua macho kuniangalia. Nilijua amehesabu, na hesabu yake imetoka. Alichokuwa nacho mkononi wakati ule angeweza kukiuza kwa bei yoyote: kwa afisa elimu, kwa wazazi, kwa watoto arobaini na saba waliosimama pale. Msichana mmoja wa kwake akasema, mwisho wa neno ukivutwa vilevile, “Mwalimu, A imehama.”

“Imehama kweli,” akamjibu. Kisha akawageukia wote, wa kwake na wa kwangu. “Hizi zimepangwa kwa mtindo wa nchi nyingine. Mwenzangu hapa amewatafutia makusudi, ili anayejua njia moja ajifunze na ya pili. Ni herufi chache tu. Tafuteni ni zipi.”

Walizipata. Nusu saa baadaye baba alikuwa analima karoti kwenye skrini zote sita, bila kosa. Halafu akawaalika watoto wangu wajaribu, kwa zamu, maboksi aliyokuja nayo, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hata Bujumbura haihusiki nacho. Wote arobaini na saba walinyoosha vidole viwili, vya shahada, wakainama na kuanza kutafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa nimewapa kila nilichokuwa nacho, na nilichokuwa nacho ni hicho.

Kama angenitangaza ningejua la kufanya. Ningesema muuzaji alinidanganya, ningelia kidogo, ningeomba kikao. Lakini yeye alinistiri bure, na kitu cha bure mimi sijui kukipokea. Hakina mahali pa kuanzia kupunguza. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa boksi. Alipopanda lori nikamwambia asante, ikatoka kavu kama muhogo wa juzi. Akaacha boksi moja mezani, zawadi kwa shule.

Jumanne iliyofuata nilikuta foleni. Watoto kumi na mmoja wamejipanga kusubiri boksi la biskuti, na mashine mbili zinanguruma hazina mtu. Binti wangu ndiye alikuwa anashika zamu, anahesabu dakika za kila mmoja kwa sauti. Walipoondoka akabaki. Akaniuliza akiwa anavaa viatu, hakunitazama.

“Madamu, hivi ni kweli ulizinunua hivyo makusudi?”

Nilimwambia akafute ubao. Ubao ulikuwa safi, tulikuwa hatujaandika kitu siku ile. Alichukua dasta akaufuta hivyohivyo, wote, kona hadi kona, kisha akaniaga. Tangu siku hiyo anasema akikua atakuwa mwalimu. Mwalimu gani, hasemi.

Juzi kijana wa Mgeta amenitumia ujumbe. Anasema likizo anashuka kwa dada yake siku nne, anaweza kuja siku mbili kati ya hizo kuwafundisha wangu vidole kumi, nami pia kama nitapenda. Maharage atakuja nayo, nitafute gundi. Sijajibu. Nimeshapita madukani: kibodi sita zenye mpangilio wetu ni elfu tisini, nimeshazishusha mpaka sabini na tano, na hela ninayo ya Jumamosi mbili. Bei siyo shida. Shida ni kwamba siku nikiingia nazo darasani, yule binti atakuwa na jibu lake kabla sijafungua mdomo. Nisipoingia nazo, ataenda kidato cha kwanza na vidole vyangu viwili, na huko A imekaa mahali pake.

Basi wewe uliyeshika chaki miaka mingi kuliko mimi, au uliyewahi kumficha mtoto kitu naye akakinusa, naomba ushauri wako. Nimwambie huyu binti peke yake kabla yule kijana hajashuka, au nisubiri niwaambie wote na kijana akiwa amesimama pale? Na neno la kwanza linakuwa lipi? Kila biashara najua pa kuanzia, ila hii sijui.