Mgeni wa Kolombo

Leseni yangu ya redio ya upepo ilifika Temeke ndani ya bahasha ya kaki, na mama akaifungua kabla yangu akidhani ni barua ya posa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa mawazo ya mama nilikuwa nimeshachelewa. Jirani alipomsomea kwamba karatasi ile inaniruhusu kuwasiliana na watu wa nchi nyingine kwa redio, aliikunja akaiweka juu ya kabati. Niliporudi kazini jioni akaniuliza, "Haya, hao wa nchi nyingine ndio watakuoa?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaisoma leseni ile mara nne, neno kwa neno. Kazi yangu ilikuwa kupiga simu za maandishi katika ofisi moja mjini: nukta na mistari kutwa nzima, fulani amefariki njooni, fulani amejifungua salama. Nilifanya mtihani wa redio nikiwa mwanamke peke yangu kwenye chumba kizima, na msimamizi aliniuliza kama nimepotea njia. Niliketi mbele kabisa ili anione vizuri.

Leseni ilikuwa na sharti moja. Mtambo ukae katika nyumba iliyotajwa, na kabla ya mwezi kwisha balozi wa nyumba kumi atie saini kwamba anajua upo na haupingi. Asipotia, karatasi irudi ilikotoka. Sharti hilo sikulitilia maanani. Balozi wetu nilimwamkia kila asubuhi tangu nikiwa mtoto, sasa angenipinga kwa lipi?

Kilichoniumiza kichwa wakati huo kilikuwa kuchagua mtambo. Mwalimu mmoja mgeni, aliyefundisha fizikia na ndiye aliyenifunza mambo ya redio, alikuwa anakaribia kurudi kwao. Alikaa Kawe na alikuwa na mitambo miwili. Aliiweka yote juu ya meza akaniambia kwa Kiswahili chake cha kujikongoja, "Chagua moja. Nyingine itakwenda shuleni."

Wa kwanza ulikuwa mkubwa, wa kijivu, wenye taa iliyowaka kijani nyuma ya namba, na kipaza sauti. Huo unaongea nao kwa mdomo kama unavyoongea na mtu barazani. Wa pili aliutengeneza mwenyewe ndani ya kisanduku cha bati kisichozidi mkate, na haukujua kusema hata neno moja. Ulijua nukta na mistari tu, kwa kidude cha kupigia ambacho ofisini tulikiita kii.

Sitaficha, niliutamani ule mkubwa. Nilikishika kipaza sauti chake nikajiona mtu. Lakini ulitaka umeme wa ukutani, na nyumba yetu Temeke ilikuwa na kandili. Mjomba wangu wa Kinondoni alikuwa na umeme, na alishasema mtambo ukae kwake, niende Jumamosi akiwa nyumbani, nigonge hodi, nikaribishwe, nitumie kwa saa moja. Kisanduku cha bati kilitosheka na betri ya gari. Nilisimama mbele ya meza ile kwa muda mrefu hata chai yangu ikapoa. Nilijiona nikiomba ruhusa ya kuongea kila Jumamosi ya maisha yangu, damu ikanipanda. Nikachukua kisanduku.

"Una hakika?" mwalimu akauliza. "Ukishindwa, niletee kabla sijaondoka. Tutabadilishana."

Nilikipakata kwenye basi kikiwa kimefungwa kwenye kanga. Kwenye kona ya mtaa wetu alikaa fundi baiskeli, mtu wa makamo, mwenye ulimi. Kila siku alitusimulia kwamba wakati wa vita vya Burma alikuwa mpiga mitambo ya mawasiliano jeshini, kwamba alikaa Kolombo, kwamba alipitisha amri za majenerali kwa kidole chake hiki. Hakuna aliyemwamini, maana alikuwa akisema pia kwamba aliwahi kumpiga chui ngumi. Alitaka kujua nimebeba nini. Nikamwambia ni redio, lakini haisemi.

"Redio isiyosema!" akapaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Si ungenunua jiwe?"

Jumapili ile nilifunga waya wa antena kutoka kwenye mwarobaini hadi dirishani kwangu, nikaweka spika masikioni, na dunia ikaingia. Milio juu ya milio, karibu na mbali, mikono mizito na mikono myepesi, watu wa kila upande wakiitana. Nililia machozi, na sikuona haya. Niliita sana siku hiyo, hakuna aliyenijibu, lakini sikujali. Nilijua watajibu.

Jumatatu nikarudi kutoka kazini nikavaa spika. Kimya. Kulikuwa na mvumo mdogo tu. Jumanne kimya, Jumatano kimya. Nilitoka nje nikautazama waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mzima, umenyooka. Nikafunga upya, nikasugua vichwa vya betri, nikaita na kuita. Fundi baiskeli, aliyekuwa akipita, akasimama dirishani na kusikiliza kii yangu.

"Mistari yako mifupi mno, binti," akasema. "Huo mkono wa ofisini. Irefushe kidogo, watu watakuelewa."

"Fundi, shughulika na tairi zako," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikishapanda haichagui mtu.

Alhamisi akaja balozi. Alikuwa mtu mkavu, mnyoofu, na popote alipokwenda alikwenda na daftari lake la wageni. Siku zile mgeni hakulala kwako bila kuandikwa humo: jina, anakotoka, saa ya kufika, sababu ya kuja. Shangazi yako akija kukuuguza, balozi anamwandika. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha kiti, nikamwekea leseni mbele yake. Hakuigusa.

"Mwanangu," akasema, "watu wananiambia humu ndani mnalia milio. Wewe unasema unaongea na watu wa nchi za nje. Hao ni wageni, sio? Wanaingia nyumba yangu ya saba kwa waya, na mie sijawaandika."

"Ni salamu tu, ndugu balozi."

"Nitajuaje? Ingekuwa redio ya kusema, ningeketi hapa nikasikia kwa masikio yangu. Hii inalia kama kifaranga. Unaweza ukawa unawaambia meli zetu ziko wapi bandarini, mie nimekaa hapa nakunywa uji wako." Akasimama. "Jumapili tutakutana wa nyumba kumi, hapa hapa uani kwako. Utuoneshe unaongea na nani na mnasema nini. Tukiridhika, nasaini. Tusiporidhika, kaurudishe kwa mwenyewe."

Ule mkubwa wa kijivu ungenimalizia shida hii kwa dakika moja. Wangesikia sauti ya mtu, wangecheka, wangekunywa chai, balozi angesaini. Mimi nilichagua kisanduku ambacho hakuna mtu mtaani angekielewa, na sasa hata mimi mwenyewe kilikuwa hakinielewi. Ijumaa usiku nilikifunga tena kwenye kanga yake. Niliamua kwamba Jumamosi nikitoka kazini adhuhuri nitapitia nyumbani, nikichukue, nikipeleke Kawe. Nilijisikia mjinga, tena mjinga mwenye kiburi, na sikujua nitamtazamaje mjomba usoni.

Jumamosi nilifika nyumbani saa saba. Siku nyingine zote za wiki nilifika jua likiwa linakaribia kuzama. Nikaingia uani, na mbele yangu, juu ya antena yangu, kulikuwa na mashuka mawili, kanga doti tatu na blanketi, vyote vikichuruzika maji.

"Mama!"

"Nini? Si navianua kabla hujarudi?" akasema kutoka jikoni, bila wasiwasi wowote. "Umeukaza vizuri waya wako. Kamba yangu inalegea."

Nilivua viatu, nikapanda kiti, nikaupapasa waya ule sehemu ulipolemewa. Plastiki ya nje ilikuwa nzima kabisa. Lakini ndani yake vidole vyangu viliona pahali palipolegea, pakubwa kama punje ya mchele. Nikamenya kwa kisu. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ngozi yake, na wiki nzima nilikuwa nikitazama ngozi. Nilitaka kugomba. Nilifungua mdomo nigombe, nikamwona mama amesimama na mwiko mkononi akinitazama kwa mashaka, nikacheka mpaka kiti kikayumba. Siku hiyo hiyo nilimfungia kamba mpya ya nguo, nikaunga waya wangu na kuupandisha juu asipoufikia hata kwa ngazi. Nikavaa spika. Dunia ilikuwa palepale.

Lakini kusikia dunia hakukunisaidia kwa balozi. Jumapili baada ya swala ya alasiri watu wa nyumba kumi walijaa uani, na watoto wao, na watu wa nyumba ambazo hata si zetu. Nilitoa meza nje, nikaweka kisanduku, nikaichomeka spika kubwa ili wote wasikie. Milio ikamwagika uani. Wazee wakatazamana.

"Wanasema nini?" balozi akauliza.

Nikaanza kutafsiri. Akaninyooshea kiganja. "Hapana. Kesi yako, na mkalimani uwe wewe?"

Hapo nikakwama. Nani mwingine Temeke nzima? Nikasikia watu wakicheka nyuma, nikageuka. Fundi baiskeli alikuwa ameinua mkono wake wenye grisi.

"Mie nasoma," akasema. "Miaka yote nawaambia."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mtu akamuuliza chui naye anasemaje. Balozi hakucheka. Alimwamuru fundi akasimame mwisho wa ua, akitazama ukuta. Kisha akaninong'oneza sikioni maneno ya kupiga. Nilichomoa antena kwanza ili mlio uishie kwenye spika bila kwenda hewani, maana habari za nyumbani kwa balozi hazikuwa za dunia nzima. Nikapiga taratibu, herufi kwa herufi. Fundi hakugeuka. Alikuwa akiandika kwa kidole ukutani. Nilipomaliza, akasema kwa sauti tulivu ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mbuzi wangu mweupe amekula kanga mpya ya mke wangu."

Ua mzima ukamtazama balozi. Balozi akainamisha kichwa. "Ndivyo nilivyomwambia," akasema, na kelele zilizopigwa hapo zilisikika barabarani. Fundi aligeuka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Haya, bibie," balozi akasema kelele zilipotulia. "Ongea na huyo mgeni wako."

Nikarudisha antena, nikaita. Hakuna. Nikaita tena. Hakuna. Mara ya tatu nikaona watoto wameanza kuchoka, na mwanamke mmoja akaaga kwamba ameacha maharage motoni. Fundi alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya bega langu.

"Refusha mistari," akanong'ona. "Huyo hajakuzoea kama wenzio wa ofisini."

Safari hii nilimsikiliza. Nikapiga polepole, kila mstari nikiupa nafasi yake, kama ninayemwandikia mtoto barua ya kwanza. Nikaachia kii. Ikapita kama pumzi mbili, na mlio mwembamba, wa juu, safi, ukapiga herufi za leseni yangu, ndizo jina langu hewani. Zangu mimi, zinarudi kwangu kutoka mahali ambapo sijawahi kufika. Nilishindwa hata kushika penseli, na fundi ndiye aliyesoma.

"Anakuita. Anasema alasiri njema. Anakusikia vizuri, sauti ndogo lakini safi. Anasema yuko..." Akainamisha sikio. "Si. O. El. O." Mtambo uliendelea bila yeye, em, bi, o, na mimi ndiye niliyemalizia.

"Kolombo," nikasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mwambie," akasema, "mwambie hapa yupo mtu aliyekaa kwao wakati wa vita. Mwambie nazikumbuka mvua zao." Nikapiga vyote hivyo, na mistari mirefu. Jibu lilipokuja alilisoma mwenyewe, mbele ya watu waliomwita mwongo miaka yote. Mvua zenyewe zinanyesha sasa hivi, mtu yule alisema, na mpe rafiki yako salamu zangu.

Nilimwomba fundi radhi hapo hapo, hadharani, kwa lile neno la tairi. Akaniambia nisijali, ila baiskeli ya mama yangu haina breki, niipeleke kwake. Mwalimu aliondoka wiki iliyofuata, na ule mtambo mkubwa wa kijivu ukaenda shuleni. Sikuutamani tena, wala sikugonga hodi Kinondoni.

Jumapili ile ile, pale pale uani, balozi alikaa kwenye meza yangu akasaini leseni kwa mwandiko wake wa kukandamiza. Nilidhani amemaliza. Akafungua daftari lake la wageni, akauliza saa, akaandika polepole huku akitamka kila neno ili nihakikishe hajakosea: nyumba ya saba, mgeni mmoja, anakotoka Kolombo, amefika saa kumi na dakika ishirini alasiri, hakulala. Kwenye sababu ya kuja alisita, akanitazama, akatazama kisanduku, kisha akaandika: kusalimia.