Bahasha ya Thelathini na Mbili

Zagorka Lazović alikuwa mmoja wa watu wachache katika nchi yake waliojua vizuri mionzi inafanya nini inapopita kwenye pafu la binadamu. Watu wa mji wake hawakulijua hilo. Wao walimjua kama binti wa Lazar fundi mawe, yule mwembamba anayepanda mlima kila asubuhi kwenda hospitali ya mapafu, sigara mdomoni. Ndiyo, alivuta. Miaka ile madaktari wote wa kule juu walivuta. Walimkemea mgonjwa kwa kuvuta huku majivu yakiwadondokea kwenye koti jeupe.

Alisomea udaktari Belgrade, akarudi kwao akiwa na miaka ishirini na sita. Siku hizo saratani ya mapafu ilikuwa hukumu. Mgonjwa aliambiwa ana jipu kifuani, ndugu zake wakaitwa pembeni wakaambiwa ukweli. Zagorka hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitafuta daftari nene, akawa anaandika humo jina la kila aliyeletwa na ugonjwa huo, alichotibiwa nacho, na siku aliyofariki. Aliandika miaka minane. Mwishowe akaona jambo. Mashine ya mionzi ilipoharibika, ratiba zilivurugika, na wagonjwa wachache wakajikuta wanapata dawa na mionzi katika majuma yale yale, badala ya kumaliza dawa kwanza ndipo wapigwe mionzi. Hao waliishi zaidi.

Alimpelekea mkuu wake daftari. Mzee akalipekua, akavua miwani.

"Wako wangapi hawa?"

"Kumi na mmoja."

"Watu kumi na mmoja si utafiti, Zaga. Hiyo ni harusi ya watu maskini. Ukitaka nikuamini, wapigie kura."

Basi akaandaa kura. Mtaalamu wa takwimu kutoka Belgrade alifunga bahasha themanini, zenye namba, kila moja ikiwa na karatasi ndani: nusu zimeandikwa "kwa kufuatana", yaani njia ya zamani, na nusu "kwa pamoja", yaani njia mpya. Sheria ilikuwa moja tu. Mgonjwa akikubali, inafunguliwa bahasha inayofuata, na itakachosema ndicho. Daktari hachagui. Bahasha zikawekwa kwenye droo ya karani.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1988, bahasha thelathini zikiwa zimeshafunguliwa, shemeji yake Božidar alianza kukohoa damu.

Božidar alikuwa mwoka mikate, mume wa dada yake mkubwa Ljubinka, mtu mnene mwenye mzaha usioisha. Zagorka alipomweleza kilichoonekana kwenye picha ya kifua, hakumwambia habari ya jipu. Alimwambia ukweli. Božidar akajipiga magotini kwa viganja.

"Shemeji, maisha yangu yote nimepanga foleni. Foleni ya kahawa, foleni ya simu, foleni ya sabuni. Leo hata mimi nina mtu ndani. Nipitishe mlango wa nyuma."

"Hakuna mlango wa nyuma, shemeji. Ni kura."

"Kura! Mimi sijawahi kushinda hata kuku wa bahati nasibu."

Jumamosi hiyo Ljubinka alimshika mkono jikoni, kahawa ikiwa bado inachemka kwenye birika yake ndogo ya shaba. "Zaga, wewe mwenyewe unasema hiyo mpya ni bora. Mpe hiyo mpya."

"Siwezi, dada. Mkono wangu haumo."

"Haumo? Mkono wa nani umo, basi?"

Jumapili mchana alipanda mlima. Karani hakuwepo, hospitali ilikuwa kimya, na ufunguo wa droo alikuwa nao. Alichukua bahasha ya thelathini na moja, akaibandika kwenye kioo chenye taa ambacho madaktari husomea picha za kifua, akawasha. Karatasi ikasomeka bila taabu: kwa kufuatana. Akachukua ya thelathini na mbili. Kwa pamoja. Akazirudisha zote mbili, akafunga droo, akateremka mlima akijiambia kwamba hajafanya kitu, ametazama tu.

Jumatatu Božidar alifika saa moja asubuhi, amebeba mikate ya moto kwa ajili ya wauguzi. Saa tatu akaja mkulima wa matunda ya plamu kutoka ng'ambo ya mto Morava, jina lake Vukašin Tadić, buti zimejaa tope, kofia mkononi. Ugonjwa ule ule, ukubwa ule ule. Bahasha ya thelathini na moja ilikuwa ya Božidar, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Zagorka akamwambia, "Shemeji, kapime damu tena, majibu ya Ijumaa siyaamini." Majibu ya Ijumaa hayakuwa na kasoro yoyote. Kisha akamwita Vukašin ndani, akamweleza habari za kura.

"Mie nisome nini, daktari?" mkulima akasema. "Wewe nionyeshe tu pa kutia sahihi. Aliyesoma ni wewe."

Akatia sahihi. Bahasha ikafunguliwa mbele ya muuguzi. Baada ya nusu saa ikafunguliwa ya Božidar, naye alipoisikia alimbusu muuguzi shavuni. "Mnaona? Sasa nitacheza na ile bahati nasibu ya kuku!"

Mwezi wa kwanza wa matibabu mambo yalikwenda kama walivyoomba. Uvimbe ulinywea hadi nusu. Ljubinka alimbusu mdogo wake mikono yote miwili, na Zagorka akaacha abusiwe. Juma la tisa, matibabu yakiwa yameisha, Božidar akaanza kikohozi kikavu, kisha homa. Kwenye picha pafu lilikuwa jeupe pale pale mionzi ilipopita, ukingo umenyooka kama uliopigwa rula. Haikuwa saratani tena. Pafu lilikuwa limeungua. Njia mpya ilikuwa na nguvu kweli, na nguvu hizo hazikubagua.

Alikufa mwezi wa Juni, ameketi, kwa sababu kulala kulimkaba. Siku moja kabla, alimwona shemeji yake analia dirishani.

"Usijitese, shemeji," alisema, akivuta pumzi katikati ya kila neno. "Kura ni kura."

Makaburini Ljubinka alisema maneno hayo hayo, kwa namna yake. "Afadhali ilikuwa kura. Sina wa kumlaumu ila Mungu." Zagorka alikuwa amemshika kiwiko. Akamwongoza hadi langoni.

Vukašin Tadić akapona. Si kwamba alipata nafuu; alipona kabisa, kama wanavyopona wachache. Kila vuli alikuja hospitalini na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu aliyoipika mwenyewe, na mfuko wa plamu zilizokaushwa, akasimama mlangoni na kutangaza ili korido nzima isikie: "Huyu mama ndiye aliyenirudisha duniani!" Zagorka aliipokea chupa. Hakuwahi kuifungua hata moja. Aliwagawia wauguzi, nao wakamwona mtawa.

Utafiti ukamalizika. Njia mpya ilishinda ya zamani, ila kati ya watu arobaini walioipata, wanne waliuawa na mapafu yaliyoungua. Aliandika yote hayo kwa uaminifu, na katikati ya ukurasa wa pili akaandika sentensi moja ya uongo: kwamba mpangilio wa bahasha ulifuatwa bila kuvunjwa hata mara moja. Sentensi hiyo haikuwa na hata mistari miwili. Ilichapishwa, na baadaye ikampatia uprofesa.

Aliacha sigara mwaka huo huo. Kisha akawageukia wale wanne. Wenzake walitaka kujua jinsi ya kuua uvimbe. Yeye akataka kujua kwa nini pafu la mmoja linaungua na la mwingine haliungui. Vita vikaja, vikwazo vikaja, vipuri vya mashine vikakosekana, wagonjwa wakaletewa dawa na ndugu zao ndani ya mifuko ya sokoni. Yeye alikaa na kalamu ya risasi na picha za kifua, akipima miraba kwa miraba ni sehemu gani ya pafu iliyopigwa na kwa kiasi gani. Ikamchukua miaka kumi na miwili. Alichokipata kilikuwa rahisi kusema na kigumu kukithibitisha: kinachoua si ukali wa mionzi peke yake, ni upana wa pafu lenye afya linaloguswa nayo. Ukiubana upana huo, mgonjwa anaishi. Madaktari wa Athens na Krakow walimwandikia kumuuliza. Hospitalini kwake, mwaka mzima ukapita bila hata mmoja kuungua hadi kufa.

Walimfanyia sherehe. Mtu akasimama na glasi mkononi akasema, "Ni nini kilichompa Profesa Lazović subira hii ya ajabu?" Watu wakapiga makofi. Yeye akatazama kitambaa cha meza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka 2009, umebaki mwaka mmoja astaafu, akapigiwa simu kutoka Belgrade na mtaalamu wa takwimu kijana, Tijana Vukotić. Tijana alikuwa anakusanya tafiti za zamani za namna ile kutoka nchi saba, mgonjwa kwa mgonjwa, ili azipime kwa pamoja.

"Profesa, kitu kidogo tu. Kitabu cha mapokezi kinaonyesha mwoka mikate ameingia saa moja na mkulima saa tatu, lakini namba za bahasha zimepishana. Ni kosa la kalamu, sivyo? Nilirekebishe?"

Alikuwa amefunguliwa mlango, na wa kumfungulia alikuwa mtoto wa watu asiyejua lolote.

"Rekebisha," Zagorka akasema, akakata simu.

Alikaa. Akasimama. Akatoka nje hadi kwenye misonobari nyuma ya jiko la hospitali, ambako wagonjwa walijificha kuvuta, nao walipomwona wakazima sigara kwa haraka. Akarudi ndani na kupiga simu mwenyewe.

"Tijana, usirekebishe. Si kalamu. Nilizitazama bahasha kwenye taa. Mwoka mikate alikuwa mume wa dada yangu."

"Profesa," Tijana akasema, "nitawaondoa wote wawili, na itabidi uandike barua kwa jarida." Baada ya siku tatu akapiga tena. "Nimehesabu bila wao. Matokeo hayajabadilika. Hata unywele."

Barua ilichapishwa mwishoni mwa toleo, kwa herufi ndogo. Hospitali ilimwondolea ukuu wa utafiti, na wenzake wawili wakaacha kumsalimia. Mwenzake mmoja akamwambia, "Zaga, kila mtu angefanya hivyo." Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kupigwa mawe, na sayansi ilikuwa imempiga kwa tanbihi.

Akavuka mto kwenda kwa Vukašin. Mzee alimkaribisha chini ya paa la ghala, akasikiliza hadi mwisho, kofia juu ya goti.

"Kwa hiyo ile mpya, uliyoiona bora, uliniondolea mimi ukampa wako."

"Ndiyo."

"Na ile mbovu ndiyo iliyoniponya."

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, akaacha. "Nikuulize, daktari. Ningekufa mimi na shemeji yako akapona, leo ungekuja kumwambia mke wangu?"

Zagorka alitaka kusema ndiyo. Alilitafuta neno hilo kwa kweli.

"Sijui," akasema.

"Mimi najua," Vukašin akasema, bila ukali. Akainuka kwenda kuangalia matunda yake, na hakuaga.

Kwa Ljubinka alikwenda mwisho, kwa sababu alimwogopa kuliko wote. Alimweleza akiwa amesimama. Dada yake hakulia.

"Nilikuomba," Ljubinka akasema, "ukaniambia mkono wako haumo."

"Nilikuambia hivyo."

"Miaka ishirini na mmoja nimegombana na Mungu, Zaga. Nimewasha mishumaa kwa hasira. Kumbe nilikuwa namgombeza asiyehusika, na mwenye kesi anakuja kwangu kila Jumapili kula supu!"

"Dada, nilidhani namsaidia."

"Hilo nalijua! Ingekuwa ulitaka kumdhuru ningekuchukia nipumzike." Akafungua mlango. "Nenda. Nenda nikae peke yangu."

Kipupwe chote simu ya Ljubinka haikupokelewa. Zagorka alistaafu bila sherehe. Kila Jumapili alipika supu yake mwenyewe, akaimwaga nusu. Hakutubu kwa ajili ya wagonjwa wote. Hao alijua aliwafanyia kazi. Alichobaki nacho ni sauti ya mtu anayevuta pumzi katikati ya kila neno akimwambia asijitese.

Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, kabla ya kwaresima, simu ikalia asubuhi.

"Barabara ya makaburini ina barafu," Ljubinka akasema. "Miguu yangu haiwezi. Lete gari."

Wakaenda. Kaburini Ljubinka alimega mkate, akamimina divai juu ya udongo, akasema dua yake. Kisha akageuka.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Sema naye, basi. Mwambie mwenyewe. Mimi nitasubiri garini."

Akaondoka akishikilia mawe ya makaburi ya watu asiteleze. Zagorka akabaki amesimama kwenye theluji mbele ya jina la shemeji yake, na ikamchukua muda mrefu kupata neno la kwanza.