Dua ya Kuamka na Mchi wa Mama Furaha

Sisi tuliokulia Mweso, mji mdogo wa milimani, enzi zile, watoto wanne kwenye kitanda kimoja cha mbao, tunaijua baridi ya alfajiri. Ukungu uliingia hadi ndani, blanketi likavutwa huku na huku, na jikoni maharage yaliyolala yalikuwa yakipashwa moto. Lakini kwetu, hata njaa ikuume vipi, hukukanyaga chini kabla ya kusoma dua ya kuamka.

"Muguu isiguse chini mbele Mungu asikie sauti yako," Mama alisema kila siku, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Waislamu tulikuwa wachache pale, majirani karibu wote Wakristo, na Mama hakutaka mchezo.

Dua yenyewe ni fupi: *Alhamdulillahi lladhi ahyana ba'da ma amatana wa ilaihin nushur.* Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuhuisha baada ya kutufisha, na kwake ndiko kufufuliwa. Kaka yangu Idi aliimaliza kwa pumzi moja, tongotongo bado machoni, akakimbilia sufuria. Mimi nilikuwa na kigugumizi. Nilikwama pale kwenye "Al", nikarudia al, al, al, mpaka miguu ikafa ganzi.

Papa, baba yetu, alinihurumia. "Mama Idi, muache mutoto aseme mu roho. Mungu anasikia tu."

"Mungu anasikia, ndiyo," Mama alijibu. "Lakini na sisi tunataka kumusikia Zaina. Na mutu asimusaidie, iko na kinywa yake."

Basi akaningoja. Chai ilipoa, kengele ya shule ikalia, naye hajasogea. Nakiri kuwa nilimchukia kidogo.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi Mama Furaha, mwanamke wa kanisa na wa kwaya, mwenye mikono minene na kicheko cha kuamsha kuku. Kabla ya kwenda shambani alitwanga sombe, majani ya muhogo, chini ya dirisha letu. Du! Du! Du! Asubuhi moja nimekwama kama kawaida, nikajikuta nausubiri mchi ushuke ndipo niachie silabi. Al, du. Ham, du. Du, du. Neno likatoka, na jingine nyuma yake, mpaka *nushur*! Idi aliacha kutafuna. Mama aliweka mwiko chini, akageukia ukutani kufuta machozi.

Jumapili nikaaibika tena, maana Mama Furaha alikuwa kanisani na kinu kimelala. Nililia sana siku ile. Kisha nikajifunza kupiga kisigino kwenye ubao wa kitanda, na Papa akawa analalamika kwamba dua yangu itatuvunjia kitanda.

Ikafika Maulidi. Watoto wa madrasa tulipangwa mstari, kila mmoja asome dua yake mbele ya wazazi. Mwalimu alipofika kwangu akanong'ona, lakini ikasikika, "Huyu tumuruke, atachelewesha watu."

Mama akainuka upande wa wanawake. Hakuwa amewahi kupaza sauti msikitini. "Mwalimu, asome. Tutangoja."

Nikapiga kisigino, lakini mkeka haulii! Nikabaki na "Al" mdomoni, na watoto wakaanza kucheka. Niliona kwamba nikishindwa pale, nitarukwa maisha yangu yote. Nikafumba macho, nikajipiga pajani kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetwanga. Silabi zikaja moja moja. Nilipotamka *nushur* kwa sauti ambayo sikujua ninayo, Mama Furaha, aliyekuja kusaidia kupika pilau, akapiga kelele dirishani: "Alleluia! Mutoto yetu ameshinda!" Msikiti mzima ukacheka, mwalimu naye akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake shuleni niliinua mkono kwa mara ya kwanza.

Watoto wangu wa leo wanaamka na simu. Macho hayajafunguka, kidole kimeshafika kwenye kioo. Mama, kaku yao, akituma ujumbe wa sauti, wanauongezea mwendo ili amalize upesi, bibi wa watu anasikika kama kifaranga! Dua wanaijua, na wanaisoma vizuri kuliko Idi, lakini wakiwa mbioni.

Nami sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Nasema tangu asubuhi mpaka jioni, hata mume wangu huniomba nipumzike. Kila mwaka hapakosekani mtoto anayekwama kwenye neno, na wenzake wanaoanza kumcheka. Hapo naweka chaki mezani, naketi, na darasa lote linangoja. Wenzangu wananionya kwamba hivyo programu ya masomo haitaisha. Na isiishe. Mtoto amalize kwanza.