Nilivyoonja Chokoleti Saba Torino

Mkitaka kunicheka chekeni, aibu ni yangu na nimeishi nayo, lakini nawaambia mapema kwamba kule Torino, Italia, nilifanya kosa moja tu, na si lile mnalolifikiria.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, mimi muuguzi wa Arua nimepelekwa miezi sita kujifunza kazi ya chumba cha upasuaji, na mwenyeji wangu ni Mama Lina, mwalimu mzee aliyewahi kufundisha Ombaci, shule ya kwetu Arua, akarudi kwao na Kiswahili chetu mdomoni. Kila Jumapili alinitembeza, mara mkahawa, mara duka la mikate (kuna mikate migumu kama kuni, nikaila hiyo hiyo), nami nilikula bila haya kwa sababu nyumbani hata sukari ya chai tulikuwa tunaipangia foleni. Siku ya mwisho nikasema nataka zawadi ya mama. Mama yangu aliuza simsim ya kusaga sokoni Koboko, na aliniagiza hivi: "Lete chakula tamu ya ile mji, lakini uonje kwanza. Usibebe kitu ulimi yako haijui."

Basi tukaingia duka la chokoleti, linang'aa kuliko chumba cha upasuaji, nikafanya anavyofanya kila mteja mbele ya beseni la simsim la mama: nikanyoosha kiganja nionjeshwe. Binti muuzaji akanitazama, akaniwekea moja. Nikala, nikaonyesha rundo la pili, nikanyoosha tena. (Utaonja rundo moja ujue la pili? Mimi si mganga.) Ya tatu, ya nne, foleni nyuma yangu inarefuka, Mama Lina ananivuta sweta, na kufika ya saba, ile nyeusi yenye uchungu kidogo, nikajua ndiyo ya mama. Nikaomba moja zaidi nikaifumbata, maana sokoni kwetu unashika mfano, usije ukafungiwa kitu kingine.

Mwenye duka akatoka ndani, akasema jambo kwa upole ule unaouma.

Mama Lina akainamisha macho. "Anauliza kama uko na njaa. Anasema kwa masista iko supu ya bure."

Damu ikanipanda. Mimi, binti wa sokoni, nimekuwa ombaomba?

"Mama, mwambie kwetu mutu anaonja. Muuzaji akikataza watu kuonja, simsim yake iko na mchanga."

Nilisema hayo huku nikijifuta jasho la hasira, paji la uso, mashavu yote mawili, na duka zima likaangua kicheko. Nikadhani wanacheka lugha yangu. Kumbe kwenye kioo nyuma ya kaunta kulikuwa na mwanamke amepakwa tope uso mzima, naye ni mimi: ule mfano wangu ulikuwa umeyeyukia ngumini.

Nilitamani ardhi inimeze, hilo nakiri. Lakini sikukimbia. Nikalamba kiganja mbele yao, nikanunua boksi la ile nyeusi, nikatoka na uso wangu vilevile.

Kufika sokoni Koboko, boksi zima lilikuwa uji. Mama akachovya kidole, akakilamba.

"Ulionja?"

"Nilionja saba, Mama. Walinicheka."

"Saba tu?"

Akageuka, akampaka kidogo kiganjani jirani yake wa meza, kisha mteja wa kwanza aliyefika. "Onja. Mtoto yangu ndiye alichagua."

Basi, chokoleti sitaifumbata tena maisha yangu yote. Kiganja nitakinyoosha popote.