Injini za Tumbo Moja

Fundi wa magari wa pale Dutwa hana maneno mengi. Kila boliti huifuta pajani, huinusa, kisha huguna. Siku hiyo Monika alimtazama akipekua injini ya pikapu iliyomzimikia njiani, huku bintiye, Sayi, akilia kwa uchungu wa uzazi kwenye kiti cha nyuma.

"Kipampu cha dizeli kimekufa," fundi akasema. Akaiendea Haisi yake, basi dogo lililopambwa riboni za harusi ya mwanawe, bibi harusi akiwa tayari ameketi ndani, akang'oa cha kwake.

Monika akapigwa na butwaa. "Baba, kitaingia huku?"

"Injini hizi ni za tumbo moja, mayu," fundi akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na harusi?"

Fundi akakaza boliti ya mwisho. Pikapu ikaunguruma, Monika akaiondoa kuelekea hospitali. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, Monika, bado haamini, alimwona fundi amelishika pindo la gauni la bibi harusi kwa mikono yenye oili, wote wawili wakielekea kanisani kwa miguu.